Bili ya gesi na umeme Uingereza: namna ya kuisoma mpaka ujue kila peni inaenda wapi

Novemba yangu ya kwanza kwenye nyumba ya kupanga hapa England nilizima hita wiki tatu nzima huku mtoto anakohoa, kisa ni bili ya gesi iliyokuja karibu mara tatu ya anayolipa jirani yangu, na nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, ramani ileile. Mke wangu akawa anapika amevaa koti. Mi nikajua ndo bei za huku, tutafanyaje. Kumbe kampuni ilikuwa inahesabu mita yangu kama zile za zamani wakati ni ya kisasa, kosa la mstari mmoja tu kwenye bili, na huo mstari nilikuwa nao kwenye simu siku zote ila sikuwa najua kuusoma. Kwa hiyo hii nawaandikia mliofika juzijuzi, manesi, watu wa kea, wanafunzi, na nyie wenye miaka kumi hapa ambao bado mnalipa tu bila kuifungua ile PDF. Ifungue sasa hivi uiweke pembeni twende nayo pamoja.

Kwanza tutoe kitu kimoja kichwani. Kila miezi mitatu utasikia kwenye taarifa ya habari kwamba kikomo cha bei sasa ni pauni kadhaa, kwa mfano Oktoba mpaka Desemba 2025 walisema 1,755, na watu wengi wanaelewa kwamba hata ukiwasha kila kitu mwaka mzima hulipi zaidi ya hapo. Sio hivyo hata kidogo. Kinachowekewa kikomo ni bei ya yuniti moja pamoja na tozo ya kila siku, basi. Ile 1,755 ni hesabu ya mwaka ya nyumba ya mfano, inayotumia yuniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi na inayolipa kwa dairekti debiti, yaani kampuni inakata yenyewe benki kila mwezi. Ukitumia zaidi unalipa zaidi, ukitumia nusu bili inashuka. Liz Truss mwenyewe akiwa waziri mkuu, Septemba 2022, alisema redioni kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya pauni 2,500 na haikuwa kweli, kwa hiyo usijione mjinga kama na wewe ulielewa hivyo.

Anayepanga hicho kikomo anaitwa Ofgem, ni kama EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Kilianza Januari 2019, na lengo lilikuwa kumlinda yule mteja anayekaa kampuni moja miaka na miaka bila kuhama, maana ndo aliyekuwa anapigwa bei mbaya kuliko wote. Mwanzoni kilibadilika mara mbili kwa mwaka, tangu Oktoba 2022 ni mara nne, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ni cha England, Wales na Scotland, walioko Ireland Kaskazini wana msimamizi wao na utaratibu wao.

Haya, angalia bili. Kwa kila upande, umeme na gesi, kuna namba mbili tu zinazotengeneza hela yote: bei ya yuniti na ile standingi chaji, yaani tozo ya kila siku unayolipa hata kama umelala Dar mwezi mzima na nyumba imefungwa. Yuniti ni kWh moja, yaani kifaa cha kilowati moja kikiwaka saa moja, ileile ya LUKU na token. Kinachowachanganya watu ni kwamba gesi nayo inauzwa kwa kWh wakati sisi gesi tunaijua kwa mtungi na kilo. Huku kwa nyumba nyingi hamna mtungi, bomba linaingia ndani na boila linachemsha maji ya kuoga na ya redieta, yale mabati ya ukutani yanayopasha nyumba joto.

Chukua bei za wastani za Oktoba mpaka Desemba 2025 kwa anayelipa dairekti debiti: umeme peni 26.35 kwa yuniti, tozo yake peni 53.68 kwa siku. Gesi peni 6.29 kwa yuniti, tozo yake peni 34.03 kwa siku. VAT ya asilimia 5 imeshawekwa humo humo. Sasa tuseme Novemba umetumia yuniti 250 za umeme na 1,300 za gesi. Umeme 250 mara 26.35 ni pauni 65.88, tozo siku 30 ni pauni 16.10. Gesi 1,300 mara 6.29 ni pauni 81.77, tozo pauni 10.21. Jumla pauni 173.96. Ndo hivyo tu, hakuna uchawi mwingine, na ukiweza kufanya hii hesabu kwa bili yako ikatoka sawasawa basi umeshawapita wengi. Isipotoka sawa, hapo ndo pa kuanza kuuliza maswali.

Na hizo tozo zitazame vizuri. Kwa bei hizo za mwisho wa 2025 zote mbili zilikuwa peni 87.71 kwa siku, kwa mwaka inafika pauni 320 kabla hujawasha hata taa. Kwa aliyezoea LUKU ni kama ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme tangu 2021, haijali umetumia kiasi gani. Ndani yake kuna gharama za nyaya na mabomba, mita, programu za serikali, na baada ya 2021 waliingiza pia hasara ya kampuni zilizofilisika, karibu kampuni 30 zilianguka kwa muda mfupi na wateja wao wakahamishiwa kwingine, gharama tukagawana wote. Tozo ya umeme inatofautiana kwa maeneo kwa sababu nchi imegawanywa kanda 14 za nyaya, kwa hiyo ukiona ndugu yako wa London anakatwa kidogo kuliko wewe uliye Liverpool hujaibiwa. Mi binafsi naona hii tozo inamuumiza mtu mmoja anayekaa kwenye chumba kidogo na kujibana, maana analipa sawa na mwenye jumba la vyumba vitano.

Sasa mita ya gesi, hapa naomba utulie maana ndo iliponichoma mimi. Mita ya umeme inasoma kWh moja kwa moja, unatoa namba ya zamani kwenye mpya unapata yuniti. Mita ya gesi haisomi kWh, inasoma ujazo wa gesi iliyopita, na ziko aina mbili. Mita za kisasa zinasoma mita za ujazo, utaona imeandikwa m³. Za zamani zinasoma futi za ujazo, mia mia, utaona herufi ft³. Kampuni inachukua huo ujazo na kuugeuza kuwa kWh hivi: m³ unazidisha mara 1.02264, halafu mara kiwango cha joto la gesi ambacho kimeandikwa kwenye bili yako na kwa kawaida kinacheza kwenye 39, halafu unagawanya kwa 3.6. Kwa kifupi m³ moja ni kama yuniti 11. Ukitumia m³ 100, kwa kiwango cha 39.2, unapata yuniti kama 1,113, hiyo ni kama pauni 70 kwa bei tuliyoitaja juu. Lakini mita ikiwa ya futi, kabla ya yote wanazidisha kwanza mara 2.83. Unaona hatari ilipo? Mita yako ni ya m³ alafu wao kwenye kompyuta wameandika ni ya futi, unalipia gesi karibu mara tatu ya uliyochoma, kila mwezi, na hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo fanya hivi leo: nenda kwenye mita, piga picha inayoonyesha namba pamoja na hizo herufi za m³ au ft³, kisha tafuta kwenye bili pale wanapoonyesha hesabu ya kugeuza. Ukikuta 2.83 kwenye bili na mita yako ni ya m³, wapigie siku hiyohiyo.

Tukiwa bado hapo kwenye mita, angalia pembeni ya namba za usomaji kwenye bili kama kuna herufi E au neno la kuonyesha ni makadirio. Maana yake hawakusoma mita, wamekisia. Kukisia kunaweza kukuonea au kukupendelea, na kukupendelea ndo kubaya zaidi kwa maana deni linajikusanya kimya kimya alafu siku wakisoma kweli unaletewa la miezi yote kwa mpigo. Kama huna smati mita, ile inayotuma usomaji yenyewe kwa kampuni, peleka usomaji mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kwa apu au kwa simu, na hasa siku ile bei inapobadilika, tarehe 1 Januari, Aprili, Julai na Oktoba, ili yuniti ulizotumia kwa bei ya zamani zisije zikahesabiwa kwa bei mpya. Hata kama unayo smati mita ichunguze, zipo zinazopoteza mawasiliano zikarudi kuwa mita za kawaida bila wewe kujua. Na kuna sheria nzuri ambayo wengi hawaijui, tangu 2018: kama kosa la kutokukutoza sawasawa ni la kampuni, hawaruhusiwi kukudai umeme au gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita. Mtu akiletewa deni la miaka mitatu akalia analipa lote wakati sehemu kubwa hakupaswa kulipa, inaniuma kweli.

Swali ninaloulizwa sana ni hili, mbona upepo wa bure unazungusha mapanga baharini kila siku na umeme bado ghali hivi? Jibu liko kwenye soko la jumla, na sikiliza vizuri maana likikuingia utaelewa habari zote za bei. Fikiria mnadani Feri, soko la samaki la Dar, mji mzima unahitaji tani kumi za samaki leo. Wa kwanza anauza rahisi, wa pili rahisi kidogo, lakini ili tani kumi zitimie lazima umchukue na yule wa mwisho mwenye bei kali, alafu sheria ya soko inasema wote walipwe bei ya huyo wa mwisho. Umeme wa huku unauzwa hivyo, kwa vipande vya nusu saa. Upepo, jua na nyuklia vinaingia kwanza kwa bei ndogo, na wa mwisho anayekuja kuziba pengo mara nyingi ni mtambo wa gesi. Kwa hiyo gesi ikipanda, umeme wote unapanda nayo, hata ule wa upepo. Siku hizi mashamba mengi ya upepo yana mikataba ya bei maalum na serikali, soko likizidi bei hiyo wanarudisha tofauti, kwa hiyo makali yanapungua kidogo, lakini gesi bado ndo inashika usukani.

Na gesi yenyewe Uingereza inachimba kiasi kwenye Bahari ya Kaskazini, nyingine inatoka Norway kwa bomba, nyingine inakuja kwa meli ikiwa imepozwa sana mpaka kuwa kimiminika, Qatar na Marekani. Meli inaenda kwa anayelipa vizuri, Japan akitoa zaidi inageuza njia. Ndo maana vita vya mbali vinafika jikoni kwako. Bei zilianza kupanda 2021, Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022, na ukifuata kile kikomo cha nyumba ya mfano utaona picha nzima: Oktoba 2021 pauni 1,277, Aprili 2022 pauni 1,971, Oktoba 2022 pauni 3,549, Januari 2023 pauni 4,279. Tangu Oktoba 2022 serikali iliingilia ikafidia ili nyumba ya mfano ilipe 2,500 kwa mwaka, na kila nyumba ikapewa 400 kwa ajili ya umeme kwa miezi sita. Bei zilishuka baadaye ila hazijarudi zilikokuwa kabla ya 2021, tusidanganyane.

Ukishaelewa hilo, kuchagua mkataba kunakuwa rahisi. Ukihamia nyumba na hujachagua chochote unawekwa kwenye bei inayobadilika, inayofuata kikomo cha Ofgem, na hiyo unaweza kuiacha siku yoyote bila faini. Upande wa pili kuna bei ya kufungwa, mwaka mmoja au miwili, yuniti haipandi wala haishuki. Kumbuka bei ya kufungwa haiguswi na kikomo, wanaweza kukuuzia juu yake, kwa hiyo usisaini kwa sababu tu mtu kakugongea mlango ana tabasamu. Usilinganishe kwa ile hela ya mwezi wanayokutajia, linganisha namba nne: bei ya yuniti na tozo, za umeme na za gesi, uzizidishe na matumizi yako mwenyewe ya mwaka ambayo kwa kawaida yako kwenye bili. Alafu uliza faini ya kuvunja mkataba ni pauni ngapi kwa kila upande. Maoni yangu, kama bei ya kufungwa iko chini ya kikomo cha sasa na faini ni ndogo, na una watoto wadogo au mshahara wako hauna nafasi ya kuyumba, funga ulale. Ukishafunga, weka alamu kwenye simu ya siku 49 kabla haujaisha, kuanzia hapo unaruhusiwa kuhama bila faini, na usiache uishe wenyewe maana watakurudisha kwenye bei inayobadilika. Ukisaini halafu ukabadili mawazo una siku 14 za kujitoa. Kuhama kwenyewe ni siku tano za kazi, hawaji kuchimba wala kubadilisha nyaya, umeme haukatiki, gesi ni ileile kwenye bomba lilelile, kinachobadilika ni anayekuletea bili.

Kuna mipango ya usiku pia. Ekonomi 7 inakupa masaa saba ya bei rahisi usiku, karibu saa sita mpaka saa moja asubuhi kwa wengi, lakini mchana yuniti inakuwa ghali kuliko kawaida. Hii inamfaa mwenye hita za kuhifadhi joto au gari la umeme. Nesi wa shifti za usiku anayelala mchana huku hita inawaka itamnyoosha, na nimekutana na wanaoishi kwenye flati zenye hiyo mita bila hata kujua wanayo. Ukiona mita yako ya umeme ina namba mbili tofauti za kusoma, jua huenda unayo.

Namna ya kulipa nayo ina bei yake. Ukisubiri bili ije ndo ulipe, yuniti na tozo ni ghali zaidi kuliko dairekti debiti. Dairekti debiti wanachukua makadirio yako ya mwaka wanagawa kwa 12, kwa hiyo Julai unalipa kuliko ulivyotumia, akiba inajikusanya, na Januari ile akiba inaliwa. Watu wakiona wana pauni 200 za ziada mwezi wa tisa wanafurahi wanaomba zirudishwe, ni haki yako kuziomba, lakini mwezi wa tisa usiziguse, utazihitaji. Ziombe mwezi wa nne baridi ikiisha kama bado ni nyingi. Na aliyehamia Oktoba anaanza bila akiba yoyote, lazima ajue miezi ya kwanza ataonekana anadaiwa.

Mita ya kulipia kabla ndo LUKU yenyewe. Ya kizamani ina ufunguo wa umeme na kadi ya gesi, unaenda dukani penye alama ya PayPoint au Payzone au posta, unajaza unarudi kuchomeka. Ya smati unajaza kwa simu, na ikigoma unapewa namba 20 za kubonyeza kwenye mita, sawa kabisa na token za nyumbani. Zamani hizi mita zilikuwa ghali kuliko za dairekti debiti, tangu katikati ya 2023 lile pengo limeondolewa. Mambo matatu ya kuwa nayo makini. Moja, ukihamia usijaze chochote kabla hujaipigia kampuni kuwaambia wewe ni mpangaji mpya, maana mita inaweza kuwa imebeba deni la aliyetoka na kila pauni 10 unayojaza inakatwa kulipa madeni ya mtu usiyemjua. Mbili, gesi usipoijaza majira ya joto yote tozo ya kila siku inaendelea kujiandika, ukija kujaza Oktoba wanakata kwanza, ndo unaona umeweka 30 imebaki 5. Jaza kidogo kidogo hata Julai. Tatu, ikiisha usiku kuna mkopo wa dharura kwenye mita yenyewe, na mita nyingi zina masaa ya usiku na wikiendi ambayo hazikati. Ukishindwa kabisa wapigie, wana wajibu wa kukusaidia, na hawaruhusiwi kuja kukufungia mita hii kwa nguvu kama una mtoto chini ya miaka 2 au ni mzee wa miaka 75 na zaidi usiye na mtu wa kukusaidia.

Siku ya kuhamia nyumba yoyote, kabla ya kushusha hata godoro, piga picha mita zote. Siku ya kutoka piga tena. Usipojua kampuni ipi inahudumia nyumba, umeme unauliza wenye nyaya wa eneo lako, gesi kuna huduma ya mtandaoni ya kutafuta kwa anwani. Mwenye nyumba hawezi kukuzuia kuhama kampuni kama bili iko kwa jina lako na unalipa mwenyewe. Na kama yeye ndo analipa kisha anakuuzia, haruhusiwi kukuuzia yuniti kwa bei ya juu kuliko anayonunua, una haki ya kumwomba bili uone.

Sasa matumizi, nitasema yale yanayokula hela kweli tu, mambo ya kuchomoa chaja ya simu tuyaache. Yuniti ya umeme ni zaidi ya mara nne ya yuniti ya gesi, kumbuka bei za hapo juu, 26 kwa 6, na hesabu zote hapa ni kwa bei hizo. Zile hita ndogo za kuchomeka zinazouzwa pauni 20 ni kilowati 2, saa moja unachoma yuniti 2, peni 52.7. Masaa matano kila siku mwezi mzima ni pauni 79 kwa chumba kimoja. Joto hilohilo kutoka kwenye boila la gesi lingekugharimu kama peni 14 kwa saa. Kwa hiyo kuzima boila ukawasha hita ya kuchomeka "ili kubana" ni kujikamua, labda uwe unapasha chumba kimoja tu kwa muda mfupi sana na nyumba nzima iko baridi. Funga redieta za vyumba visivyotumika kwa zile koki za pembeni. Kama boila lako ni la kombi, lisilo na tanki la maji ya moto, shusha joto la maji ya redieta mpaka 60 hivi, lipo kwenye kitufe chenye alama ya redieta, joto la nyumba halipungui ila gesi inayoungua inapungua. Shawa ya umeme ya kilowati 9, dakika kumi ni peni 40, familia ya watu watano ni pauni 2 kila asubuhi, hapo ndo pa kuongea na vijana. Na maharage pika kwa preshakuka, yakiwa yamelowekwa usiku, tafadhali.

Kama uko kwenye benefiti, yaani misaada ya serikali, za kipato kidogo kuna punguzo la Warm Home Discount, pauni 150 zinaingia kwenye akaunti ya umeme mara moja kila msimu wa baridi. Kwenu wenye visa yenye masharti ya kutopokea fedha za umma hiyo haiwahusu, lakini orodha ya wateja wa kipaumbele (Priority Services Register), wale wanaopewa msaada wa ziada, inawahusu wote: mwenye mtoto mdogo, mjamzito, mgonjwa, mzee, hata asiyeongea Kiingereza vizuri anaweza kuandikishwa, ni bure. Ukisikia harufu ya gesi hakuna cha mkataba wala deni, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje upige 0800 111 999. Umeme ukikatika mtaani piga 105.

Na ukikuta kosa kwenye bili fanya nilivyofanya mimi. Usibishane kwa simu peke yake, andika imeili, andika wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi, weka picha ya mita yenye tarehe, weka hesabu yako na hesabu yao mstari kwa mstari. Endelea kulipa kile unachojua ni halali yako ili wasikuandike mdaiwa sugu. Wana wiki 8. Zikipita bila suluhisho, au wakikuandikia kwamba wamefika mwisho, unaenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya umeme na gesi, bila malipo yoyote, na uamuzi wake ukiukubali kampuni lazima iutekeleze. Kwangu haikufika huko. Wiki ya sita walijibu kwamba ni kweli, mita ni ya m³, wakapiga upya bili zote tangu tuhamie, na akaunti iliyokuwa inasoma deni ikageuka kuwa na akiba mpaka mwisho wa Februari.